Fundi Tuambie: Boti inatoa jasho kama mtu, tufanyeje?

Mwezi huu maswali mengi yamekuja ya hewa, sijui ni hii mvua au watu mmeambizana, basi nimeyaweka pamoja. La kwanza refu kwa sababu lina mambo mengi ndani yake, mengine nitayapitia mbio mbio.

SWALI: Fundi habari za kazi. Kama umenizidi umri basi shikamoo, kama nimekuzidi basi nishaitikia marahaba. Mimi mwalimu mstaafu niko Matema, Kyela. Kwenye kiinua mgongo nilinunua boti ya faiba ya mita 7, ina kikebini mbele cha kulala watu wawili, ililetwa na lori kutoka Dar ikashuka na barabara ya Tukuyu mpaka ziwani, njia nzima watu wanauliza mzee unaenda kufungua hoteli. Mimi na mama tunatembea nayo, tunaenda Lupingu, Manda, mara mojamoja tunafika mpaka Liuli, tunalala humo humo. Shida ni hewa. Usiku tukifunga tunaamka vichwa vizito, dari linadondosha maji mpaka kwenye shuka, godoro chini limeota ukungu mweusi na nguo zinanuka kama stoo ya viatu. Tukifungua wanaingia mbu na kungu, na mvua ya huku unaijua. Nimeshatoboa matundu mawili ya inchi 2, yote nyuma pale karibu na mlango, sijaona tofauti. Kijana mmoja kaniambia niweke eisii ndogo, mwingine anasema nipake rangi ya kuzuia fangasi yaishe. Nishauri maana mama kasema safari ijayo atanisubiri nyumbani. *Mwalimu, Matema*

JIBU: Mwalimu shikamoo, umenizidi, nilivyoona neno kiinua mgongo tu nikajua. Na mama mwambie asifungue begi lake kwanza.

Nianze na eisii tuitoe mezani mapema. Hata ile ndogo ya chumba inavuta kama wati 1000, sasa betri ya boti, tuseme ya Ah 100 (Ah ni ampea kwa saa, ndio ukubwa wa betri), ikiwa imejaa kabisa ina kama yuniti 1 na kidogo za umeme, na kwa hizi betri za maji ukiivuta zaidi ya nusu mara kwa mara umeiua, kwahiyo una nusu yuniti tu ya kutumia, yaani eisii itakupa baridi ya nusu saa alafu asubuhi mnapiga injini haiwaki mko katikati ya Nyasa. Achana nayo. Rangi ya fangasi nayo sio mbaya ila inapaka juu ya tatizo, ukungu ukikosa ukuta utahamia kwenye mto.

Sasa twende kwenye maji yenyewe, maana watu wengi wanadhani yale matone ya darini yametoka nje. Hayajatoka nje Mwalimu, yametoka kwenu. Mtu akilala usiku mzima anatoa kwa pumzi na jasho kama glasi moja ya maji, wengine zaidi, kwahiyo nyinyi wawili ni glasi mbili. Kebini yako kwa maelezo yako nakisia ina hewa kama mita 4 za ujazo. Hewa yenye joto la nyuzi 25 ikishiba unyevu mpaka pomoni inabeba gramu 23 hivi za maji kwa kila mita moja ya ujazo, zidisha wewe mwenyewe maana ndio kazi yako, ni gramu 92, hata nusu glasi haifiki! Sasa glasi mbili zinaingia mahali panapobeba nusu glasi, ile inayobaki itaenda wapi? Inatafuta kitu cha baridi ikae, na usiku kitu cha baridi kuliko vyote humo ni dari la faiba ambalo juu yake kuna anga tupu, linapoa haraka kuliko hata maji ya ziwa. Ndio unalala unadondoshewa.

Alafu kuna chai. Mkipikia gesi humo ndani mjue kila kilo moja ya gesi ikiungua inazaa zaidi ya lita moja na nusu ya maji, hiyo ni gesi yenyewe, sijahesabu mvuke wa sufuria. Ukipika wali wa Kyela na kitoweo cha mbasa na milango umefunga kwa ajili ya mbu, umeshalowesha kebini kabla hata hamjapanda kitandani. Pikieni nje nyuma, au mkipika ndani fungua kila kinachofunguka mpaka dakika kama ishirini baada ya kuzima jiko.

Jambo moja tuna bahati nalo huku kwetu ni kwamba Nyasa ni maji baridi, yaani hayana chumvi. Wenzetu wa baharini chumvi inaingia kwenye godoro na nguo, na chumvi inavuta unyevu hewani, kitu hakikauki mpaka ukisuuze. Wewe ukianika kinakauka kweli. Kwahiyo ukiona kitu chako hakikauki usisingizie ziwa, ni hewa haitembei tu.

Na hapa ndio nakuja kwenye yale matundu yako, usinichukie. Umeweka mawili, yote nyuma, yote karibu karibu. Hewa iingie hapo iende wapi? Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilifanya kosa hilo hilo pale Itungi kwenye boti ya mteja, nikatoboa matundu sita upande mmoja nikayapanga vizuri kama vifungo vya shati, mteja akalala akaamka na jasho lile lile akaja kunitafuta. Kulikuwa na mzee mmoja mvuvi amekaa anashona nyavu, akanipa chupa ya soda akasema kijana hebu ipulizie upepo mpaka upite. Nikapuliza mashavu yakauma. Akachukua chupa akaiweka chini akaendelea kushona, hakusema neno lingine.

Kebini yako ni chupa. Inataka tundu mbele kabisa kwenye pua, na lingine nyuma, na ikiwezekana moja liwe chini moja juu maana hewa ya moto yenye unyevu inapanda. Na ukubwa nao una hesabu yake ambayo inawadanganya wengi: bomba la inchi 2 lina uwazi kama sentimita 20 za mraba, la inchi 4 lina kama 80, yaani bomba moja la inchi 4 ni sawa na manne ya inchi 2 na sio mawili kama macho yanavyokwambia. Kwahiyo hata matundu yako yote mawili ukiyajumlisha ni nusu ya bomba moja la maji taka la inchi 4. Hayo usiyazibe, yaache yawe ya kutokea, ila mlango wa nyuma mwambie seremala akate mapezi, yale ya kama dirisha la choo, yanayoinamia nje, sehemu ya chini na sehemu ya juu, mvua haiingii na hewa inapita hata mmefunga na komeo.

Mbele sasa. Hapo ndio kuna kazi kwa sababu pua ya boti ndio inakula mawimbi, na wewe upo Matema kona ya kaskazini ya ziwa, upepo wa kusi, ule Mwera, kuanzia Mei mpaka Agosti unakimbia kwenye ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 hauna kizuizi unakuja kumalizia hasira kwenu. Ukitoboa tundu tupu hapo mbele utaoga. Watu wa mashua walishalitatua hili zamani. Kuna jahazi la mashindano la Marekani liliitwa Dorade, lilichorwa na kijana wa miaka 21 tu anaitwa Olin Stephens, likashushwa majini 1930 na mwaka 1931 likashinda mbio za kuvuka Atlantiki, na kile kisanduku chake cha kuingiza hewa bila maji mpaka leo dunia nzima kinaitwa kwa jina la jahazi hilo, kisanduku cha dorade. Akili yake ni ndogo mno mpaka ukiiona unajipiga paji la uso.

Unatengeneza kisanduku cha plaiwudi ya maji au faiba, urefu kama sentimita 40, upana 20, kimo 15 au zaidi kidogo, unakilaza juu ya dari mbele urefu wake ukifuata urefu wa boti. Kwenye mfuniko wake, upande wa mbele, unatoboa tundu la inchi 4 unasimamisha elbo ya PVC, ile kona ya bomba, mdomo ukiangalia mbele kunakotoka upepo. Kwenye dari la boti, chini ya kile kisanduku ila upande wa nyuma, unatoboa tundu jingine la inchi 4 na unalisimamishia kipande cha bomba kinachopanda ndani ya kisanduku sentimita 8 hivi, kisiguse mfuniko. Umeshaona? Maji yakiingia kwa elbo yanaanguka kwenye sakafu ya kisanduku, hayawezi kuruka ile shingo ya bomba, yanatoka kwa vitundu viwili vya kidole unavyotoboa kwenye pembe za chini. Hewa yenyewe haina uzito wa kuanguka, inapita juu inashuka kwenye bomba inaingia kebini. Maji kushoto, hewa kulia, kila mtu na njia yake.

Elbo usiigundishe na gundi! Iache izunguke kwa mkono, na ununue na kifuniko chake cha bomba uweke karibu. Ikiangalia upepo inameza, ikiupa upepo kisogo inanyonya hewa ya ndani kutoa nje. Ukiwa umetupa nanga moja mbele boti inageuka yenyewe kuutazama upepo basi elbo ikae mbele. Lakini mkiwa mmefunga ufukweni kwa kamba mbele na nyuma boti haigeuki, na pale Matema mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu ila usiku unashuka baridi kutoka milima ya Livingstone kwenda ziwani, kwahiyo kabla ya kulala toka nje lamba kidole ujue unatokea wapi uzungushe elbo. Bahari ikichafuka, au ziwa tuseme, mko njiani, unatoa elbo unapiga kifuniko. Na tundu lolote utakalotoboa kwenye boti lazima liwe na kifuniko chake, hili nalirudia kwa wote wanaosoma, tundu lisilofungika sio tundu la hewa, ni la kuzamia.

Pembeni ya tundu la dari pakaa resini kwenye mkato kabla ya silikoni, hasa kama dari lina mbao katikati ya faiba, usipofanya hivyo maji yataingia kwenye mbao yaozeshe dari lote kimya kimya na utanilaumu mimi.

Ule mfuniko wa dari la kebini pale mbele, sio wa kisanduku, kama upo, angalia bawaba zake ziko wapi. Bawaba zikiwa nyuma, mfuniko unafunguka mdomo ukitazama mbele na unazoa upepo vizuri sana ukiwa kwenye nanga, ila kwenye mvua unazoa na mvua. Kwahiyo kisanduku ni cha usiku wa mvua na mfuniko ni wa usiku mkavu. Turubai likifungwa juu ya kebini yote, lisiguse dari, liwe na nafasi kama kiganja, linakupa vitu vitatu kwa mpigo, unaweza kuacha mfuniko wazi na mvua inanyesha, mchana linakata jua, na usiku linazuia dari lisiangalie anga tupu likapoa. Kwa mtu mwenye hela ya kitu kimoja tu mwezi huu mimi ningemwambia turubai, kisanduku mwezi ujao.

Kuhusu kungu na mbu. Kungu ni wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi wa shamba linaloungua, kuna wanaowakusanya wakawakanda wakala ila kwenye shuka hawana faida. Wanafuata taa, kwahiyo zima taa ndio ufungue. Wavu ni lazima, Kyela hatutaniani na malaria, ila jua kwamba wavu wa matundu madogo unaweza kula nusu ya hewa yako, kwahiyo usiubane kwenye mdomo wa bomba la inchi 4 ukadhani bado una inchi 4. Weka wavu mahali papana, mfano shonea mfuko mpana kama kofia unaoning'inia ndani chini ya bomba, au funika mlango mzima. Eneo likiwa mara mbili umerudisha ulichopoteza. Na uukung'ute, wavu wenye vumbi na kungu wakavu ni ukuta.

Godoro nalo linaelezeka. Umelilaza juu ya plaiwudi moja kwa moja, joto la mwili linasukuma unyevu chini, unafika kwenye ubao wa baridi unageuka maji, huko hakuna hewa. Toa plaiwudi weka chaga kama za kitanda cha nyumbani zenye nafasi ya vidole viwili, au kama hutaki kubomoa toboa plaiwudi matundu mengi na uweke juu yake mkeka wa plastiki wenye nundu. Asubuhi simamisha godoro lisikae limelala mchana kutwa. Hilo lililoota weusi, kama weusi upo kwenye kitambaa tu fua na jiki iliyozimuliwa, fanya nje kwenye upepo na jiki usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya usafi, ila kama umeingia ndani ya sponji litupe. Najua bei ya godoro. Litupe.

Fungua na ngama, ule uwazi wa chini ya sakafu maji yanakojikusanya, ukauke, makoti ya mvua na kamba mbichi zilale nje. Dari unaweza kulibandika foam ya milimita 10 kwa ndani likawa halina ubaridi wa kugandisha matone, ila hiyo fanya mwisho, kwa sababu ukiifanya kwanza kabla ya hewa kutembea unyevu utajificha nyuma ya foam.

Feni ndio nimeiacha nyuma makusudi maana kila mtu anaanzia hapo. Feni ya kuzungusha hewa ndani inapoza ngozi lakini inazungusha unyevu ule ule. Unayoitaka ni ya kutoa nje. Chukua feni ya kompyuta ya volti 12 ya sentimita 12, nenda kwa mafundi wa kompyuta hapo Mbeya mjini wanazitupa, inavuta kama ampea 0.2, ukiiwasha kwa muda wa saa 10 ni Ah 2 tu, betri haitajua kama uliiwasha, na kipaneli cha sola cha wati 20 kinarudisha hiyo kwa saa chache za jua. Ifunge nyuma juu ikitazama nje, weka fyuzi, na mbele kisanduku kiwe wazi ndio ivute. Usiku ambao ziwa limetulia hakuna hata upepo wa kutikisa jani la mchikichi, hiyo feni ndio itakayowalaza.

Ukimaliza washa dawa ya mbu ya kuchoma uiweke chini ya bomba la mbele, ukae uangalie moshi. Moshi ukitembea mpaka nyuma ukatoka kwenye mapezi ya mlango, kazi imeisha. Ukipanda ukasimama katikati kama mtu aliyesahau alichofuata, kuna mahali umeziba.

SWALI: Fundi ndaga. Sisi tuna boti ya mbao, mimi na wifi yangu tunafanya biashara ya dagaa kati ya Itungi na vijiji vya huko chini, tunalala ndani kuna kibanda. Madumu ya petroli ya injini tunaweka chini ya kitanda yasiibiwe. Siku za baridi, mwezi wa sita na wa saba, tunaingiza jiko la mkaa likishashika vizuri moshi umeisha, tunapata joto. Sasa kichwa kinauma sana asubuhi, je feni ya kutoa hewa itasaidia? *Mama wa Dagaa, Itungi*

JIBU: Ndaga fijo dada, na huu mdomo wangu leo utaniwia radhi. Acheni. Leo.

Jiko la mkaa ulioshika bila moshi bado linatoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haiwashi macho, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu mtu analegea anaona usingizi mtamu. Kichwa cha asubuhi ndio hicho, mmekuwa mkipona. Huku juu Makete, Njombe na Mufindi kwenye baridi lenyewe kila anayelala na jiko ndani mlango umefungwa yuko kwenye hatari hiyo hiyo, na kibanda cha boti ni kidogo kuliko chumba chochote. Feni haihalalishi jiko. Ongezeni blanketi, chupa ya maji ya moto miguuni, jiko libaki nje.

Na petroli chini ya kitanda jamani, huku jiko linawaka juu! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hauruki kwenda dirishani, unamwagika chini kama maji unajaa kwenye ngama unasubiri cheche. Gesi ya kupikia hivyo hivyo. Madumu yakae nje nyuma, wazi, yafungwe kwa mnyororo kama mnaogopa wezi. Sehemu yoyote yenye mafuta inataka tundu la hewa chini kabisa sio juu, na ile feni ya kompyuta niliyomwambia Mwalimu hapo hairuhusiwi kabisa kwa sababu haikutengenezwa kuzuia cheche. Kabla ya kupiga injini fungueni, inameni mnuse chini, mkisikia petroli hakuna kuwasha kitu mpaka hewa ipite na harufu iishe.

SWALI: Kamwene fundi. Niko Migoli, bwawa la Mtera, mtumbwi wangu mkubwa nimeujengea kibanda cha bati nyuma cha kupumzikia, mchana haukaliki ni tanuri. Nifanyeje kwa hela kidogo? *Mvuvi, Migoli*

JIBU: Kamwene. Bati lako paka nyeupe juu, liinue liache uwazi wa kiganja kati ya bati na ukuta pande zote ili hewa ya moto itoke, na ukuta wa mbele na wa nyuma weka turubai la kukunja badala ya bati. Chini ya bati funga mkeka au matete. Basi. Ulanzi kwenye jua hilo punguza pia.

SWALI: Fundi mambo vipi, mi dereva wa semi nalala sana kwenye foleni Tunduma, nalala kwenye kebini ya gari. Vioo nikifunga vinalia machozi asubuhi, nikifungua naibiwa simu. Saa nyingine naacha injini inaunguruma nipate hita. Hii ya boti inanihusu? *Dereva*

JIBU: Poa dereva wangu. Inakuhusu kabisa, kebini ni kebini, wewe nawe unatoa glasi yako ya maji usiku na vioo ndio dari lako la baridi. Shusha vioo viwili vya pande zilizopishana, kila kimoja uwazi wa kidole kimoja, usishushe kimoja kikubwa, rudi usome habari ya chupa hapo juu. Kuna zile plastiki za juu ya dirisha za kuzuia mvua, ziweke, zinaficha ule uwazi mkono hauingii na mvua haiingii. Kama kebini ina mfuniko wa juu uinue kidogo. Jaketi lililolowa lisilale na wewe.

Injini kuacha inaunguruma umelala hapana. Egzosi ikiwa na ufa mdogo tu, na foleni magari yamebanana, moshi wa kwako au wa jirani unaingia kebini. Tunduma ni baridi najua, blanketi zito ni bei rahisi kuliko dizeli ya usiku mzima.

Mwalimu tena: Kabla ukurasa haujafungwa Mwalimu wa Matema katuma meseji, maana jibu lake nilimpigia simu kabla ya gazeti kutoka nikaona asisubiri. Kaweka turubai, chaga na kisanduku, dari limekauka, mama karudi. Ila anasema sasa upepo ukizidi elbo inapiga mluzi usiku kucha, majirani wa ufukweni wanauliza ni ndege gani.

Mwalimu, ukingo wa bomba uliukata kwa msumeno ukauacha mkali, ndio unalia. Chukua msasa uuzungushe mpaka uwe mviringo kama mdomo wa kikombe, nje na ndani, na elbo usiilenge upepo moja kwa moja, igeuze kidogo pembeni. Ikiendelea kulia angalia vile vitundu vya kutolea maji pembeni, na vyenyewe vinaweza kupiga filimbi, vilaze msasa pia.